Choo kikiwa mbali angani: njia tano za kuhimili safari ndefu ya ndege, zikilinganishwa

Katika daraja la kawaida la ndege kubwa, abiria 40 hadi 50 hivi hutegemea choo kimoja, na hata hicho hakipatikani muda wote. Ndege ikianza kujongea kuelekea njia ya kurukia, umeshafungwa mkanda. Ikiruka na kupanda, bado umefungwa. Taa ya mkanda ikizimwa, toroli za chakula zinaingia ujiani na kuziba njia kwa saa nzima au zaidi, na zikiondoka, wote waliokuwa wakijizuia wanainuka kwa mkupuo mmoja. Nusu saa kabla ya kutua taa inawaka tena, na ndege ikishatua kuna kujongea hadi langoni na foleni ya kushuka.

Kwa mwenye kibofu kizima huo ni usumbufu wa kawaida. Kwa mjamzito, mwenye tezi dume iliyokua, mwenye kisukari, aliyejifungua karibuni au anayetumia kiti cha magurudumu, inaweza kuwa sababu ya kuacha kusafiri kabisa, na hilo linasikitisha kwa sababu njia za kuhimili zipo. Shida ni kwamba kila njia inatatua tatizo lake. Ukichukua iliyotengenezwa kwa tatizo la mwenzako, unaweza kulowa kitini, au kuugua.

Unakwama wapi hasa?

Sehemu za kukwama ni tatu. Ya kwanza ni kufika: kibofu ni kizima, lakini huwezi kutembea hadi chooni, au ukifika huwezi kugeuka ndani ya kile chumba kidogo. Ya pili ni kuzuia: unatembea bila shida, ila haja ikishika huna dakika kumi za kupanga foleni. Ya tatu ni kutoa: kibofu kimejaa lakini mkojo hautoki, au hautoki wote, kama inavyowapata baadhi ya wenye majeraha ya uti wa mgongo na baadhi ya wenye tezi dume.

Wapo wenye mawili kwa pamoja. Ila ukijua lipi ndilo kubwa, nusu ya uamuzi imeisha. Nepi, kwa mfano, inamfaa anayeshindwa kuzuia na inamsaidia kiasi anayeshindwa kufika. Anayeshindwa kutoa inaweza kumdanganya: anaona kuna mkojo unaotoka, kumbe ni ziada tu inayomwagika kutoka kibofu kilichofurika.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali yaleyale matano: inakupa muda gani bila choo, inakufanya umtegemee nani, inaifanya nini ngozi na afya yako, inalinda faragha kiasi gani, na huharibika vipi. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi wakati wa kununua vifaa, ilhali ndilo linaloamua utashuka kwenye ndege ukiwa katika hali gani.

Hesabu ya kukumbuka ni hii. Mtu mzima anayekunywa kawaida hutengeneza lita 1.5 hadi 2 za mkojo kwa siku, yaani mililita 60 hadi 85 kwa saa. Hamu ya kwanza ya kwenda haja huja kibofu kikiwa na mililita 150 hadi 250, na wengi hujihisi wamejaa kabisa kati ya 400 na 600. Kwa hiyo ukipanda ndege kibofu kikiwa kitupu, una saa mbili hadi tatu kabla ya kuwaza choo, na saa tano au zaidi kabla ya kushindwa. Ukinywa nusu lita kwa mara moja hesabu hiyo inavurugika: sehemu kubwa ya maji hayo huwa kibofuni ndani ya saa moja au mbili.

Hapo ndipo watu wengi huamua kutokunywa kabisa. Uamuzi huo una gharama. Hewa ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 20. Mkojo ukiwa mzito huuwasha ukuta wa kibofu, na kwa mwenye kibofu chepesi hamu ya kukojoa huja mapema zaidi ijapokuwa mkojo wenyewe ni kidogo. Haja kubwa nayo inakuwa ngumu. Na kwa safari inayozidi saa nne, kukaa bila kusogea tayari kunaongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Kujinyima maji na kutoinuka kwa kuogopa choo hakusaidii hata kidogo.

Njia ya 1: Kiti, ratiba na kunywa kwa mpangilio

Haihitaji kifaa chochote, na ukiifanya vizuri inawatosha wengi. Ina sehemu tatu, na ukiacha moja zilizobaki zinapungua nguvu.

Kiti kwanza. Chagua cha ujiani, safu tatu hadi sita kutoka chooni. Ukikaa safu iliyogusana na choo utavumilia mwanga, milango na watu waliosimama juu ya kichwa chako, na baadhi ya viti vya nyuma kabisa havilali. Kwenye ndege yenye viti 3-3-3, kiti cha ujiani cha kundi la katikati ni bora kuliko cha kundi la dirishani: jirani yako wa katikati anaweza kutokea upande wa pili, kwa hiyo hutaamshwa na watu wawili kila saa. Tazama ramani ya viti ya aina hasa ya ndege utakayopanda, kwa sababu shirika moja huwa na mipangilio tofauti.

Ratiba ni ya pili. Nenda choo cha uwanjani dakika za mwisho kabla ya kuitwa kupanda, hata kama huna haja. Kisha nenda mara taa ya mkanda inapozimwa, kabla toroli hazijatoka. Dirisha hilo ni la dakika tano hadi kumi tu, na kelele za masanduku ya chuma jikoni ndiyo dalili kwamba linafungwa. Baada ya hapo nenda kila saa mbili hadi tatu kwa saa yako, bila kusubiri kibofu kikuamuru. Mara ya mwisho iwe saa moja kabla ya kutua. Ukisubiri tangazo la rubani, utakuta foleni ya watu kumi waliosikia tangazo hilohilo.

Kila mara ukiwa chooni, kojoa mara mbili: maliza, subiri nusu dakika, inama mbele kidogo, jaribu tena. Anayebakiza mililita 100 kila safari amejipunguzia zaidi ya saa moja ya utulivu.

Kunywa ni sehemu ya tatu. Kunywa kawaida hadi saa mbili kabla ya kuruka, punguza hadi mafunda kwa saa hizo mbili, kisha ndani ya ndege kunywa kama mililita 150 kwa saa, kidogokidogo. Kahawa na chai kali huamsha kibofu. Pombe huizuia homoni inayoziamuru figo kubakiza maji, ndiyo maana glasi moja inatoka kama mbili. Vinywaji vyenye gesi vina tatizo jingine: hewa tumboni hupanuka ndege ikipanda, na tumbo lililojaa linakikandamiza kibofu.

Ukishikwa ghafla ukiwa umefungwa mkanda, usiinuke wala usipige miguu. Kaa wima, kaza misuli ya nyonga, ile unayotumia kukata mkojo, haraka mara tano au sita, pumua taratibu na usubiri. Hamu huja kwa mawimbi. Ikipita wimbi unatembea kwa utulivu badala ya kukimbia. Mbinu hii hufanya kazi zaidi kwa aliyefanya mazoezi ya misuli hiyo, na mazoezi huchukua kama miezi mitatu kuonyesha matunda, kwa hiyo yaanze mapema.

Muda inaokupa ni saa mbili hadi nne kwa awamu. Unawategemea wahudumu, majirani na hali ya hewa. Ngozi haiguswi, faragha ni kamili. Udhaifu wake ni kwamba inaanguka yote kwa pamoja choo kikikosekana: misukosuko ya hewa ya saa mbili, ndege kusubiri ardhini, au choo kuziba. Vyoo vya ndege hufyonza kwa tofauti ya shinikizo kupitia mabomba membamba, na vyoo kadhaa hushiriki bomba au tangi moja, hivyo kitambaa kimoja kilichotupwa kinaweza kuvifunga vyote vya upande mmoja. Machi 2025 ndege iliyokuwa ikitoka Chicago kwenda Delhi ililazimika kurudi baada ya vyoo vyake vingi kuziba kwa mifuko ya plastiki na nguo.

Inamfaa mwenye kibofu kizima au chepesi kidogo, anayetembea mwenyewe. Mjamzito pia, ila aongeze pedi.

Njia ya 2: Pedi na nepi za watu wazima

Watu huzikwepa kwa aibu, kisha hununua za haraka uwanjani zisizowafaa. Kosa la kawaida ni kutumia pedi ya hedhi. Ile imetengenezwa kwa kitu kizito kinachotoka polepole. Mkojo hutoka kwa kasi na kwa wingi, na utapita pembeni kabla pedi haijaumeza.

Namba ya mililita kwenye pakiti hutoka maabara, ambako pedi huzamishwa majini. Mwilini, chini ya uzito wako uliokaa, panga kwa nusu yake au pungufu. Nepi iliyoandikwa mililita 1,000 ihesabu kuwa ya 400 hadi 500, yaani kukojoa mara moja kamili au mara mbili ndogo.

Kipimo cha mwili kina uzito kuliko unene wa nepi. Pima kiuno na makalio, chukua kubwa kati ya hizo mbili, ulinganishe na jedwali la pakiti. Nepi kubwa mno haikupi nafasi zaidi ya kukojoa. Inaacha mwanya pajani, na hapo ndipo inapovuja. Ukishavaa, pitisha kidole kuzunguka kingo za ndani za miguu ili zisimame, zisilale zimekunjwa ndani. Mwanaume aelekeze uume chini. Hayo mawili yakisahaulika, nepi bora kuliko zote itavuja ikiwa bado kavu katikati.

Usirundike pedi mbili za kawaida. Ya juu ina plastiki mgongoni, mkojo haupiti kwenda ya chini. Zipo pedi za nyongeza zisizo na plastiki, zilizotengenezwa kupitisha ziada. Hizo ndizo za kuweka ndani.

Aina ipi? Ya kuvaa kama chupi inaonekana ya kawaida zaidi chini ya suruali, lakini kuvaa mpya kunataka uvue viatu na suruali yote, ndani ya chumba ambacho sakafu yake mara nyingi ina majimaji. Ya kubandika pembeni hubadilishwa ukiwa umesimama, mgongo ukiegemea ukuta kuishikilia nyuma huku ukibandika mbele. Mpangilio unaofanya kazi vizuri zaidi kwa anayetembea ni chupi-nepi nje na pedi ya nyongeza ndani: chooni unabadilisha ya ndani tu, kwa dakika mbili.

Idadi: chukua saa zote kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa utakakolala, gawanya kwa nne, ongeza mbili. Weka kila moja na mfuko wake wa kufunga, nguo ya ndani ya akiba na suruali nyeusi kwenye begi la mkononi. Iliyotumika inafungwa kwenye mfuko na kutupwa pipani, kamwe si ndani ya bakuli la choo.

Ngozi ndiyo gharama ya njia hii. Badilisha kila saa nne hadi sita hata kama haijajaa, futa, kausha, paka krimu ya zinki tabaka jembamba. Ukipaka nene, krimu inaziba uso wa nepi na mkojo unakosa pa kuingilia. Harufu huja mkojo unapokaa na bakteria kuvunja urea kuwa amonia, kwa hiyo dawa yake ni kubadilisha mapema. Manukato huongeza muwasho tu.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: watu wazima wengi hawawezi kukojoa wakiwa wamekaa na nguo hata wakitaka. Mwili umefundishwa kuzuia tangu utotoni. Kama mpango wako ni kukojoa kwa makusudi kitini, jaribu nyumbani kwenye kiti kigumu zaidi ya mara moja kabla ya safari. Isipowezekana, nepi itakulinda dhidi ya ajali lakini haitakuwa choo.

Inakupa saa nne hadi sita. Humtegemei mtu, isipokuwa wakati wa kubadilisha kama mikono au miguu ina udhaifu. Faragha ni nzuri, ingawa kwenye ukaguzi wa usalama mashine huweza kuonyesha kitu kinenechinene kiunoni. Omba chumba cha faragha mapema, ni ombi la kawaida. Inamfaa anayeshindwa kuzuia, mwenye hofu tu anayetaka kulala usingizi, na mtoto aliyeacha nepi karibuni.

Njia ya 3: Mpira wa kuvisha na mfuko wa mguuni

Huu ni mpira laini unaovishwa uume kama kondomu, wenye bomba linalopeleka mkojo kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Hauingii mwilini, kwa hiyo hatari ya maambukizi ni ndogo kuliko katheta, yaani bomba jembamba la kutoa mkojo, inayowekwa kwa kudumu kibofuni. Hiyo ya kudumu, kwa maoni ya uandishi huu, haifai kabisa kuwekwa kwa ajili ya safari tu.

Mafanikio yake yote yako kwenye kipimo na gundi. Kipenyo hupimwa kwa milimita, kwa karatasi ya kupimia inayotolewa na watengenezaji. Saizi za kawaida ziko kati ya 25 na 36 hivi. Mkubwa unavuja, mdogo unabana damu. Punguza nywele kwa mkasi, osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, usipake mafuta wala krimu. Acha sentimita moja hadi mbili kati ya ncha ya uume na mwanzo wa bomba: isipokuwepo nafasi ngozi inasuguliwa, ikizidi mpira unajisokota na mkojo unarudi nyuma na kuibandua gundi. Kunjua hadi mwisho, kisha ushike kwa kiganja chenye joto sekunde 15. Ukianza kutumia, uvae siku nzima nyumbani kwanza, uone kama ngozi inaipokea gundi. Mwenye mzio wa lateksi achague silikoni.

Mfuko wa mililita 500 unatosha saa tano hadi sita kwa mkojo wa kawaida. Wa 750 unapita hapo. Ufunge kwenye shavu la mguu, chini ya suruali pana. Ukifungwa pajani mtu akiwa amekaa, mfuko hukaribia kuwa sawa na kibofu na mkojo hautiririki. Mwaga ukifika theluthi mbili, usingoje ujae.

Kitu kinachowashangaza wengi ni hewa. Shinikizo ndani ya ndege hushushwa hadi kiwango cha mlima wa mita 2,400 hivi, na hewa iliyonaswa mfukoni hupanuka kwa karibu theluthi moja. Mfuko uliojaa nusu ardhini unavimba kama puto angani na kusukuma viungio. Kabla ya kupanda mwaga mkojo wote, ukandamize mfuko utoke hewa, ndipo ufunge vali.

Unaharibika hivi: bomba kukunjwa chini ya paja, vali kuachwa nusu wazi, au gundi kubanduka kwa jasho. Dalili ya mapema ni mfuko kubaki mtupu baada ya saa mbili huku unahisi unyevu. Beba mpira wa akiba na mfuko wa akiba, vyote begi la mkononi.

Unapata saa nyingi kuliko njia zote, na ukiwa na mwenzako unaweza kumwaga kitini ndani ya chupa bila kuinuka. Haumfai mwenye uume uliorudi ndani, ngozi yenye vidonda, wala asiyeweza kutoa mkojo. Kwa wanawake vipo vifaa vya nje vya kubandika na vya kufyonza kwa pampu, lakini ukiwa umekaa wima kwa saa nyingi hukaa vizuri kwa wachache. Wengi watapata utulivu zaidi kwa njia ya 2.

Njia ya 4: Chupa ya mkojo na mifuko ya jeli

Hii ni ya dharura, na kama njia kuu inamfaa mtu mmoja hasa: asiyeweza kuinuka, aliye na msaidizi pembeni. Mfuko wa jeli una unga unaogeuza mkojo, kwa kawaida mililita 500 hadi 800, kuwa jeli isiyomwagika. Hukunjwa mdogo kama leso. Chupa ya wanaume hushika kama lita moja na ina mfuniko.

Kitini unahitaji kiti cha dirishani, blanketi, mwenzako upande wa ujia, na suruali inayofunguka kirahisi. Mwanaume asogee ukingoni mwa kiti. Mwanamke anahitaji faneli, na lazima aweze kuinua makalio au kuinama mbele. Bila hivyo mkojo unarudi nyuma. Usiijaribu njia hii kwa mara ya kwanza angani.

Jeli isimwagwe chooni, kwa kuwa huvimba na kuziba. Funga, weka mfuko wa pili, tupa pipani, na umwarifu mhudumu. Udhaifu mkubwa ni faragha, hasa kwenye kiti cha katikati, ambako njia hii haiwezekani kwa heshima.

Njia ya 5: Katheta ya kuingiza na kutoa

Ni ya anayeshindwa kutoa mkojo, aliyefundishwa na mtaalamu na anayeitumia tayari. Si ya kujifunzia kwa ajili ya safari.

Ratiba hubaki ileile ya kila saa nne hadi sita, na lengo ni kutopitisha mililita 400 hadi 500 kibofuni. Beba mara mbili ya idadi unayohitaji, pamoja na barua ya daktari. Chagua zile zenye maji yake ndani ya pakiti, kwa sababu maji ya bomba la ndege si ya kusafishia kitu kinachoingia mwilini. Safisha mikono kwa sabuni, kisha kitakasa mikono baada ya kugusa kitasa. Zipo zenye mfuko ulioungwa tayari. Hizo humruhusu mtu kufanya kazi yote kitini, au chooni bila kulenga bakuli wakati ndege inatikisika.

Mwenye jeraha la uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu asicheleweshe hata kidogo. Kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa kikianza kugonga kwa maumivu, uso ukawa mwekundu na jasho likatoka juu ya jeraha, toa mkojo papo hapo na uwaambie wahudumu kwamba ni dharura ya kitabibu.

Kuhusu dawa

Zinazotuliza kibofu huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na zinaweza kumzuia mwenye tezi dume asikojoe kabisa, kwa hiyo si za kuanza siku ya safari. Desmopressin hupunguza mkojo kweli, lakini huweza kushusha chumvi ya damu hadi hatari, hasa kwa wazee. Bila daktari usiiguse. Anayetumia furosemide, dawa ya kuongeza mkojo ambayo humaliza nguvu yake katika saa sita hivi, amuulize daktari kama dozi inaweza kusogezwa. Asiiache kwa uamuzi wake.

Kwa haja kubwa, nepi hazisaidii sana, maana jeli iliyo ndani yake hunyonya maji tu. Punguza vyakula vyenye makapi siku moja kabla. Loperamide humsaidia mtu mzima mwenye tumbo la kuendesha: miligramu 4 mwanzoni, kisha 2 baada ya kila choo laini, bila kuzidi 8 kwa siku kama hakuna daktari. Isitumike kukiwa na homa au damu kwenye choo. Mwenye mfuko wa kukusanyia kinyesi tumboni auondoe hewa na kuumwaga kabla ya kupanda.

Uchague ipi?

Kibofu kizima, safari ya usiku ya saa nane hadi kumi: njia ya 1 pekee. Ikizidi saa 12, weka pedi nyembamba kwa ajili ya saa ambazo taa ya mkanda haizimwi.

Hamu ya ghafla, au mkojo unaoponyoka ukikohoa: ratiba ya njia ya 1 pamoja na chupi-nepi na pedi za nyongeza. Ukiwaeleza wahudumu unapopanda, kwa sentensi moja tu, mara nyingi watakupitisha mbele ya foleni au kukuambia toroli zitatoka lini.

Mwanaume asiyetembea, lakini mkojo unatoka wenyewe: mpira wa kuvisha, mfuko wa 750, na chupa ya kumwagia. Mwanamke katika hali hiyo: nepi ya kubandika yenye uwezo mkubwa, na kituo katikati ya safari chenye saa tatu au zaidi ili abadilishiwe kwenye choo kipana. Safari mbili za saa sita zitamchosha, lakini ngozi yake itafika salama kuliko moja ya saa 13.

Anayeweza kuhama kutoka kiti hadi kiti kwa msaada kidogo: ulizia kiti cha magurudumu cha ndani ya ndege na choo kipana, angalau saa 48 kabla. Kwa mashirika ya Marekani, ndege za ujia mbili zilizoagizwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinapaswa kuwa na choo cha aina hiyo. Nyingi za ujia mmoja hazina. Kanuni ya huko ya mwaka 2023 inayodai choo kipana kwa hizo za ujia mmoja inazihusu ndege mpya za viti 125 na zaidi zitakazoagizwa kuanzia Oktoba 2033 au kukabidhiwa kuanzia Oktoba 2035. Wahudumu watakusukuma hadi mlangoni, lakini hawawajibiki kukubeba wala kukusaidia ndani. Ongeza pia nusu saa hadi dakika 45 kila upande kwenye hesabu yako ya kibofu, kwa kuwa utapandishwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho.

Mkojo usiotoka wote: njia ya 5 kwa aliyefundishwa. Kwa ambaye hajafundishwa na anaona mkondo umekuwa dhaifu, anaamka mara nyingi usiku au tumbo la chini linabaki limejaa baada ya kukojoa, apimwe mkojo unaobaki kibofuni kabla ya kukata tiketi. Kipimo ni cha picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound) inayopigwa juu ya ngozi ya tumbo la chini, hakiumi, na huchukua dakika chache.